Yuniti 60: kisa cha sista aliyeshukuru kabla ya kuuliza

Tuliambiwa tupendekeze nesi mmoja wa kushukuriwa mwaka huu, kila mtu aandike na sababu zake kwenye kikaratasi, na wodi karibu nzima tukaandika jina moja. Shida ikaja kwenye hizo sababu. Mimi ndo nilipewa kazi ya kukusanya, nikakaa nikasoma vyote, nikakuta tumeandika kitu kilekile: ana huruma, ana upendo, ni malaika, mama yetu wote. Sawa, yote kweli, lakini mtu ambaye hajawahi kufanya naye kazi akisoma vile vikaratasi atadhani ni mama wa kutabasamu na kupapasa wagonjwa mabega, basi. Na mimi nimefanya naye kazi miaka ya kutosha kujua kwamba ule upole wake ni kazi, ni ufundi kabisa, una hatua zake, na siku moja nilishuhudia ukiokoa maisha ya mtu wakati mtu mwenyewe amelala hata hajui.

Kwa hiyo naandika kisa kizima. Nimebadilisha vitu vidogo vidogo ili mgonjwa na wenzangu wasitambulike, na sista mwenyewe nitamwita Sista tu, maana hata wodini ukisema "Sista" bila kuongeza kitu kila mtu anajua unamsema yeye.

Ilikuwa zamu ya usiku, tuko watatu. Sista, mimi, na binti mmoja aliyeajiriwa kama miezi miwili nyuma, mwepesi, msikivu, mwenye kile kiherehere cha kutaka aonekane anaweza. Mgonjwa wetu ni mzee wa kisukari aliyelazwa kwa kidonda cha mguu, sukari ilikuwa inapanda inashuka. Saa 2 usiku binti akampima akakuta 14.2 (milimoli kwa lita, yaani iko juu), akaangalia chati, imeandikwa insulini ya kawaida yuniti 6 chini ya ngozi kabla ya kula. Mpaka hapo hakuna tatizo.

Tatizo ni kwamba vile vibomba vya sindano vya insulini, vilivyochorwa yuniti pembeni, vilikuwa vimekwisha kwenye troli. Binti akachukua bomba la kawaida la mililita 1. Sasa kwa asiyejua, insulini tunayotumia ina yuniti 100 katika kila mililita, kwa hiyo yuniti 6 ni mililita 0.06, tone tu, kwenye bomba la kawaida hata kuliona vizuri ni shida. Yeye akili ikamwambia 6 ni 0.6. Akavuta mpaka kwenye mstari wa 0.6, akachoma. Yuniti 60. Mara kumi ya dozi.

Hili kosa si la ajabu wala si la mjinga, nataka nilisimamie hapo kabla sijaendelea, maana najua kuna mtu anasoma hapa anatikisa kichwa. Insulini iko kwenye lile kundi la dawa zinazohesabiwa za hatari kubwa duniani kote, pamoja na potasiamu kali ya kuchanganya, heparini ya kuzuia damu kuganda na akina mofini, na kuvuta insulini kwa bomba lisilo lake ni mojawapo ya njia za zamani kabisa za kumzidishia mgonjwa dozi mara kumi. Hata kuandika yuniti kwa kifupi cha herufi U kunakatazwa sehemu nyingi, kwa sababu U ya haraka haraka inasomeka kama sifuri, 6U ikawa 60. Yaani hii dawa inakutega kila kona.

Alipokwenda kutupa bomba kwenye sefti boksi akaliangalia tena. Akasimama. Mimi niko upande wa pili nabadilisha dripu nikamuona kasimama na bomba mkononi kama mtu aliyesahau anakwenda wapi. Halafu akatembea moja kwa moja mpaka kwa Sista aliyekuwa anagawa vidonge akasema, "Sista, nimekosea. Nadhani nimempa nyingi."

Naomba tukae hapa kidogo, maana kisa chote kiko hapa.

Tangu achome mpaka aseme zilipita dakika kama 12 hivi. Insulini ya kawaida ikichomwa chini ya ngozi inaanza kufanya kazi baada ya kama nusu saa na kilele chake ni masaa mawili mpaka manne baada ya kuchoma. Piga hesabu. Mzee amechomwa saa 2 na kitu, kilele kinaanguka saa 4 mpaka saa 6 usiku, taa zimepunguzwa, wagonjwa wamelala, na mtu aliyeishiwa sukari akiwa kitandani usiku anafanana na mtu aliyelala tu. Anatoka jasho, labda anakoroma tofauti kidogo, nani atajua. Kwa hiyo binti angenyamaza, na sababu za kunyamaza alikuwa nazo nyingi (yuko kwenye miezi ya kuangaliwa, hakuna aliyemuona, sukari ilikuwa juu, angeweza kujidanganya kwamba itashuka tu iwe sawa), mzee yule tungemkuta alfajiri. Sisemi tungemkuta vipi.

Kilichomfanya aseme ni nini? Wengi wodini walisema ana maadili mazuri. Anayo. Lakini mimi pia nilikuwa na maadili nilipokuwa na umri wake, sehemu nyingine kabisa, nikasahau kufungulia dawa ya mgonjwa zamu nzima, na kosa dogo nililokwisha kulitaja kabla ya hapo inchaji alinifokea mbele ya ndugu wa wagonjwa mpaka nikatamani ardhi inimeze. Kwa hiyo hilo la pili sikulitaja. Nilikaa nalo siku mbili tumboni kama jiwe, nikimchungulia yule mgonjwa kila nikipita. Hakupatwa na kitu, bahati. Sikuwa mtu mbaya, nilikuwa mtu aliyefundishwa kwamba ukisema unaumia.

Binti yetu alifundishwa kinyume, na nilikuwepo alipofundishwa. Wiki kama tatu kabla ya usiku ule aliandika joto la mgonjwa mmoja kwenye faili la mwingine, akaligundua mwenyewe, akamfuata Sista huku anatetemeka. Sista akasema, "Asante kwa kuniambia," akanyamaza kidogo, kisha akasema, "haya tulirekebishe, nionyeshe unavyoshika mafaili ukiwa unazunguka." Wakaenda wakarekebisha, akamfundisha aandike palepale kitandani, si kurudi mezani na namba kichwani. Ikaisha. Kitu cha dakika 4 ambacho hakuna mtu angekikumbuka. Mimi nilikikumbuka usiku wa insulini, nikajua binti anatembea kwenye njia ambayo Sista aliifyeka wiki tatu nyuma.

Sasa turudi. Binti kasema amekosea. Sista aliweka chini kikombe cha vidonge (hakukimwaga, hakukiacha njiani, alikifunika) akasema, "Asante mwanangu. Saa ngapi?"

Binti akataja saa. "Kiasi gani?" Akataja. "Bomba liko wapi?" Akampa. Sista akaliangalia kwenye mwanga, akaliweka kwenye trei yenye lebo ya jina la mgonjwa. Hakuna "kwa nini". Nimelifikiria sana hilo. Kwa nini ni swali zuri sana, ila kwa wakati ule lingezaa maelezo na utetezi na machozi, na mzee anahitaji mtu wa kumpima sukari sasa hivi. Swali la kwa nini aliliweka mpaka kesho yake saa 4 asubuhi, na alipoliuliza hakumuuliza binti peke yake, alituuliza sote tukiwa na stoo wazi mbele yetu.

Halafu akafanya jambo ambalo mimi nisingelifanya, nakiri. Mimi ningemwambia binti kaa pembeni, upumue, tuachie. Kwa huruma kabisa. Sista akamwambia, "Wewe ndo utampima. Kila robo saa. Utaniambia namba kwa sauti na mimi nitairudia, uandike." Akanituma mimi nimpigie daktari wa zamu, na kabla sijashika simu akanisemesha nitakachosema: mgonjwa ni nani, kimetokea nini na saa ngapi, hali yake sasa, tunaomba nini. Mpangilio ule wengi mnaujua, ulianzia kwa wanamaji wa Marekani kwenye nyambizi ukaja kuingizwa hospitalini, na uzuri wake ni kwamba mtu mwenye hofu anapata ngazi ya kushika. Daktari alipokea simu ikiwa na kila kitu, akaja.

Mzee alikuwa macho bado. Akapewa kinywaji chenye sukari na chakula chake, mshipa ukatafutwa mapema wakati bado unaonekana, dripu ya dekstrosi, yaani maji ya sukari, ya asilimia 10 ikawekwa tayari, damu ikachukuliwa ya kuangalia potasiamu kwa sababu insulini nyingi haishushi sukari tu, inasukuma na potasiamu iingie kwenye seli na moyo haupendi mchezo huo. Namba ya kwanza ikawa 13.8. Binti akaonekana kupumua. Sista akamwambia taratibu, "Usifurahi bado, haijaanza." Na kweli, saa 4 na kitu ikawa 7, baadaye 5.1, dripu ikafunguliwa, saa 5:15 ikasoma 3.4, chini ya kawaida, mzee anatoka jasho, ikaongezwa, ikapanda, ikashuka tena, yaani usiku kucha tunavutana na ile dawa kama kamba. Potasiamu ikashuka kidogo ikarekebishwa. Asubuhi mzee kaamka ana 8 na anauliza mbona mmenitoboa vidole hivi.

Nitaeleza kwa nini ile kazi ya kupima ilikuwa na maana. Mwaka 2000 daktari mmoja Mmarekani, Albert Wu, aliandika kuhusu mhudumu aliyekosea kwamba naye ni mwathirika, wa pili baada ya mgonjwa. Baadaye wapo ndugu za wagonjwa waliolikataa hilo neno kwa hasira, na nawaelewa, mtu aliyezika baba hataki kusikia nesi naye ni mwathirika. Mimi neno lenyewe sina ugomvi nalo wala mapenzi nalo. Lakini jambo linalosemwa nalijua: nesi aliyekosea akiondolewa kitandani anabaki na picha moja tu kichwani, ile ya mkono wake ukichoma. Binti yetu aliondoka zamu ile na picha nyingine zaidi ya thelathini, mkono wake ukipima, ukiandika, ukimfuta mzee jasho. Sista hakumpa nafasi ya kuwa mtazamaji wa kosa lake.

Na hii yote huku anafikiri kwa sauti. Hii ndo tabia yake nyingine ambayo haikuonekana kwenye kikaratasi hata kimoja. Mwaka 1984 Patricia Benner aliandika jinsi nesi anavyokua kutoka mgeni mpaka bingwa kwa hatua tano, na mojawapo ya mambo yanayotesa kwenye hilo ni kwamba bingwa anaona kitu mara moja lakini ukimuuliza umejuaje hawezi kukueleza, anasema nimehisi tu. Mgeni anafaidika nini na "nimehisi tu"? Sista anajilazimisha kusema. Usiku ule nilimsikia: "Namshika mkono si kumbembeleza, naangalia kama ngozi imelowa." "Namuuliza jina la mjukuu wake nisikie kama anachanganya maneno." Mgonjwa anaona mama mpole anamshika mkono na kumuuliza habari za mjukuu. Binti anaona uchunguzi wa sukari iliyoshuka. Vyote viwili vilikuwa kweli kwa wakati mmoja na hapo ndo nilipoelewa kwamba huyu mtu huruma yake na ufundi wake havijashonwa pamoja, ni kitambaa kimoja.

Asubuhi Sista alimwendea mzee na mwanawe pamoja na daktari, wakawaambia. Dozi ilizidi, imetokea kwetu, hivi ndivyo tulivyofanya, hivi ndivyo tunavyoendelea kumwangalia siku nzima ya leo. Hakusema "nesi mgeni alikosea". Alisema "sisi". Mwana wa mzee alikasirika, na alikuwa na haki, akaongea sana, na Sista alisimama akamsikiliza bila kumkatiza mpaka akamaliza. Binti naye aliomba aende kusema samahani mwenyewe, akaenda, Sista kasimama nyuma yake hatua mbili.

Ripoti ya tukio aliiandika binti na Sista akaisoma. Haikusema tu "nesi alivuta dozi isiyo sahihi" ikaishia hapo. Ilisema vibomba vya insulini viliisha tangu mchana, zamu iliyotoka haikuviripoti, chupa ya insulini imehifadhiwa droo moja na mabomba ya kawaida, na hakuna mtu wa pili aliyeangalia dozi kabla ya kuchomwa. Wiki hiyo chupa za insulini zikahamishiwa kwenye kiboksi chake pamoja na vibomba vyake, visipokuwepo vibomba hakuna kuchoma mpaka vipatikane, na dozi inaangaliwa na macho manne, yaani watu wawili. Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani lilitangaza lengo la kupunguza kwa nusu, ndani ya miaka mitano, madhara makubwa yanayozuilika ya makosa ya dawa, na ukisoma mapendekezo ya namna hiyo unaona mambo makubwa makubwa, lakini huku chini yanakuwa kiboksi cha plastiki na mtu wa kuhakikisha kiboksi kina vibomba.

Sasa, si wote tulikubaliana. Kaka mmoja wa zamu nyingine, nesi mzuri tu, alisema tunalea uzembe, kwamba huyu binti alipaswa apewe barua ili na wengine waogope. Nilitaka kumpuuza lakini hoja yake ina mfupa ndani. Ingekuwa mtu anaruka hatua makusudi, anaonywa na anarudia, upole usingemfaa na mgonjwa ndo angelipa. Nilimuuliza Sista kuhusu hilo, akasema kuna kukosea na kuna kudharau, na kwamba yeye mwenyewe alishawahi kumpeleka mwenzake kwa matroni kwa sababu alikuwa anaandika vipimo ambavyo hakupima. Hakusita, alisema. Kwa hiyo wale wanaodhani ni mlaini hawajamjua.

Na yeye mwenyewe alisema alikosea. Siku ile ya stoo alisema mbele yetu wote kwamba alimzungusha binti wodi nzima siku ya kwanza lakini hakumwonyesha tofauti ya yale mabomba, alidhani anajua. "Hilo ni langu." Basi. Ukishamsikia mtu wa miaka yake anasema hivyo hadharani, wewe wa miaka miwili utaficha nini?

Kinachonisumbua mimi ni kitu kingine. Zamu iliisha yeye akabaki zaidi ya saa tatu, kwa mzee, kwa mwanawe, kwenye ripoti, halafu akakaa na binti kwenye chumba cha kubadilishia nguo kwa sababu alikuwa anasema anaacha kazi. Nani alikaa na Sista? Hakuna. Nilimpigia simu jioni nikasikia sauti ya mtu aliyechoka mpaka kwenye mifupa. Sehemu nyingi za kazi zinamtumia mtu kama huyu kama plasta, vibomba vikiisha yupo, watu wakipungua yupo, halafu mwisho wa mwaka tunampa cheti. Kumshukuru kwa dhati ingekuwa kumpunguzia zamu ili apate muda unaohesabika wa kufundisha, si aufundishie muda wake wa kulala. Nimeliandika hilo kwenye barua ya mapendekezo, kwa herufi kubwa, tuone.

Siku mbili baada ya tukio ratiba ilimpanga binti kwenye dawa. Akaomba asichome insulini. Sista akamwambia sawa, leo utavuta, mimi nitachoma. Kesho yake akamwambia utavuta na kuchoma, mimi nitaangalia. Wiki iliyofuata, dozi ikishahakikiwa kwa macho manne, hakusimama kumtazama akichoma, alikuwa anatandika kitanda cha jirani, kampa mgongo. Niliuona ule mgongo na binti pia aliuona. Sasa hivi wakija wanafunzi, anayewashika na kuwaonyesha mabomba mawili kwenye kiganja, hili na hili, ni yeye. Anawahadithia na kosa lenyewe, anasema ni lake.

Mzee aliruhusiwa baada ya wiki kadhaa, kidonda kimefunga vizuri. Yule mwanawe aliyetufokea alirudi na kadi, kaandika kwa mkono kumshukuru "yule sista mdogo aliyekuja kwa baba kila robo saa usiku kucha." Jina la Sista halimo mahali popote kwenye ile kadi. Yeye ndo aliyeibandika ukutani, akatafuta na pini ya pili ili isipinde.